Jina la Yabesi, na Wale Wauzao Majina



Limezuka neno katika sharika zetu, nalo linaenea upesi kama moto wa kiangazi. Wako wahubiri wapitao kijiji hata kijiji wakifundisha ya kwamba jina la mtu ndilo linalotawala maisha yake. Aitwaye Tabu, wasema, hataacha kuona tabu. Aitwaye Mateso atateswa. Aitwaye Shida, Mashaka au Masumbuko, mlango wake umefungwa tangu siku aliyozaliwa. Wala hawaishii kwenye majina ya nyumbani. Wameingia hata katika Biblia, wakasema ya kuwa Yakobo ni jina la mdanganyifu, na Yabesi ni jina la maumivu, na kwamba mzazi aliyemwita mtoto wake hivyo amemlaani kwa kinywa chake mwenyewe. Kisha, wakiisha kuwatia watu hofu, hutoa dawa yao: mtu alete sadaka, awekewe mikono, apewe jina jipya, na nuksi itamtoka.

Nasema waziwazi ya kwamba mafundisho hayo ni ya uongo, tena yanawadhuru watu. Sitayapinga kwa matusi, bali kwa Maandiko. Na shahidi wangu wa kwanza ni huyo huyo Yabesi wanayemshitaki.

Habari zake ni fupi mno. Zimo katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, mlango wa 4, mistari miwili tu, wa 9 na wa 10. Kitabu hicho huanza kwa milango tisa iliyojaa majina, na wasomaji wengi huiruka, maana huona ni orodha tu ya mababa na wana. Lakini katikati ya orodha ya kabila la Yuda mwandishi anasimama ghafula, kama mtu aliyekuwa akihesabu watu akaona mmoja asiyeweza kumpita kwa kumhesabu tu. Hatuambiwi baba yake ni nani, wala alipigana vita gani, wala aliishi miaka mingapi. Twaambiwa mambo manne: alipata heshima kuwashinda ndugu zake, mama yake alimwita Yabesi kwa sababu alimzaa kwa uchungu, alimwomba Mungu wa Israeli, na Mungu alimpa alichoomba.

Litazameni kwanza jina lenyewe. Neno la uchungu alilolitumia mama yule, kwa Kiebrania, lina herufi tatu. Herufi hizo hizo zimo katika jina la Yabesi, ila mbili za mwisho zimepishana. Kwa hiyo jina halitamki uchungu waziwazi; linaukumbusha tu, kama fumbo ambalo wenye nyumba hulielewa na wapita njia hawalijui. Tena neno hilo ni la shina moja na lile la Mwanzo 3:16, Hawa alipoambiwa ya kwamba atazaa kwa uchungu. Basi mama yake Yabesi hakutunga laana. Alisema habari ya mama wote tangu Hawa. Kila mwanamke aliyezaa aijua habari hiyo, na wako walioachia uhai wao humo. Yeye alipona, mtoto naye akapona, akaiweka habari hiyo katika jina ili isisahauliwe.

Je, hayo ni mageni kwetu? Mtoto aliyezaliwa usiku huitwa Chausiku. Aliyezaliwa baba yake akiwa njiani huitwa Safari. Aliyezaliwa nyumba ikiwa katika msiba, au baada ya mama kuzika watoto wawili watatu, huitwa Tabu au Masumbuko. Wazee wetu hawakuwa na daftari wala kalenda ukutani. Jina la mtoto lilikuwa daftari lao. Ukimwuliza bibi kizee kwa nini mwanawe anaitwa Tabu, atakusimulia mwaka wa njaa, na nani alikufa, na nani alimpa kibaba cha mtama, na jinsi Mungu alivyowavusha. Mtu asomaye jina hilo akaona laana tu hajui kusoma. Ameona neno, hakuona habari iliyomo.

Sasa itazameni sala ya Yabesi. Alimwomba Mungu ambariki, aipanue mipaka yake, amshike kwa mkono wake, na kumlinda na uovu usije ukamtia uchungu. Na neno la mwisho la sala hiyo, katika Kiebrania, ni la shina lile lile alilolitumia mama yake siku ya kumzaa. Yabesi hakulikimbia jina lake. Alilichukua kinywani mwake akaenda nalo mbele za Mungu, kana kwamba asema, Bwana, wajua nilivyoitwa na kwa nini. Basi uwe wewe mlinzi wangu katika jambo hilo hilo.

Hapo ndipo mafundisho ya wahubiri hawa yavunjikapo. Yabesi hakuomba jina jingine. Hakumwendea nabii wala kuhani ili afunguliwe. Na Mungu alipomjibu, alimpa yote aliyoyataka, wala hakumbadilisha jina. Aliingia katika sala akiitwa Yabesi, akatoka akiitwa Yabesi, na kwa jina hilo heshima yake imetufikia sisi. Kama jina lingekuwa kamba shingoni, Mungu asingalianza kwa kuikata? Tena katika mlango wa 2 wa kitabu hicho, mstari wa 55, umetajwa mji uitwao Yabesi, nao ulikuwa makao ya jamaa za waandishi. Watu wa kalamu na wa Maandiko walikaa katika mji wenye jina hilo, wala hatusomi kwamba waliogopa kulala humo.

Wako wengine waliokosea kwa upande wa pili. Mwaka 2000, huko Marekani, Bruce Wilkinson alitoa kitabu kidogo juu ya sala ya Yabesi, nacho kiliuzwa kwa mamilioni. Tangu hapo wengi wameyarudia maneno ya sala hiyo kila siku wakitumaini kuongezewa mali, kama mtu azungushaye ufunguo katika kufuli. Wale wa kwanza wamelifanya jina kuwa uchawi mbaya, na hawa wa pili wameifanya sala kuwa uchawi mzuri. Wote wawili wamemsahau Mungu aliyesikia.

Lakini wahubiri wa majina hawakosi jibu. Watasema, mbona Mungu alimbadilisha Abramu kuwa Ibrahimu? Mbona Yakobo aliitwa Israeli, Simoni akaitwa Petro, Sauli akaitwa Paulo, na mtoto wa Raheli akaondolewa jina la Benoni? Maswali haya ni ya haki, nayo yafaa yajibiwe moja moja.

Abramu maana yake ni baba aliyetukuka. Hilo ni jina zuri. Mzazi gani asingelipenda? Basi Mungu hakulibadilisha kwa sababu lilikuwa na nuksi. Alimwongezea ahadi, ya kwamba atakuwa baba wa mataifa mengi, na jina likaichukua ahadi hiyo. Ni Mungu mwenyewe aliyefanya hivyo, kwa neno lake, wala Ibrahimu hakutoa ng'ombe wala fedha ili apewe jina.

Yakobo alizaliwa akishika kisigino cha nduguye, akaitwa kwa jambo hilo. Ni Esau, siku ya hasira yake, aliyelifanya jina hilo kuwa shitaka la udanganyifu. Ajabu iliyoje, wahubiri hawa wamechagua kulisoma jina la Yakobo kwa ulimi wa adui yake! Wataalamu wa lugha za kale wameona majina ya namna hiyo katika maandishi yaliyo nje ya Biblia, na wengi huyaeleza kuwa ni sala, yaani, Mungu na amlinde. Ni kweli ya kuwa malaika alimwita Israeli pale Penieli. Lakini someni mbele, Mwanzo 46:2. Miaka mingi imepita, mzee anashuka Misri, na Mungu anasema naye usiku. Amwita nani? Amwita Yakobo, tena mara mbili. Na alipomtokea Musa katika kijiti alijitambulisha kuwa ni Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka, na wa Yakobo. Jina ambalo Mungu hakuona haya kulitia pamoja na lake, mtu gani atasema limelaaniwa? Mitume wawili wa Bwana waliitwa Yakobo, na ndugu yake Bwana vilevile. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa abadilishe.

Simoni aliitwa Petro, naam. Lakini baada ya kufufuka Bwana alimwuliza mara tatu kando ya ziwa kama ampenda, na mara zote tatu alimwita Simoni. Na Sauli hakubadilishwa jina njiani kwenda Dameski, ingawa wengi hufundisha hivyo. Aliongoka katika Matendo mlango wa 9, akaendelea kuitwa Sauli hata mlango wa 13, ambamo Luka atuarifu ya kwamba mtu huyo alikuwa na majina mawili. Alipokwenda kwa mataifa alitumia lile la Kirumi. Ndiyo yote.

Abaki Benoni. Raheli alipokuwa akikata roho alimwita mwanawe mwana wa huzuni yangu, na Yakobo akamwita Benyamini. Baba alimpa mtoto wake jina siku ile ile, kama ilivyo haki ya baba. Lakini je, jina hilo jema liliwaokoa wazao wake na huzuni? Someni Waamuzi, milango mitatu ya mwisho, mwone jinsi kabila la Benyamini lilivyotenda uovu hata likakaribia kwisha kabisa.

Sasa na mimi niwaulize swali. Kama jina baya huleta mabaya, bila shaka jina zuri litaleta mema. Twende basi tukawatazame wenye majina mazuri. Absalomu, jina la amani, alimwasi baba yake na kumfukuza mjini. Anania, ambaye jina lake hutaja neema ya Bwana, alidanganya juu ya fedha ya shamba akaanguka akafa. Yuda ni jina la sifa, kama Lea alivyosema katika Mwanzo 29:35, na Yuda Iskariote alikuwa na jina hilo hilo. Kuna na mfalme mmoja wa Yerusalemu aliyeitwa Matania, yaani zawadi ya Bwana. Mfalme wa Babeli akambadilisha jina akamwita Sedekia, jina litajalo haki ya Bwana. Alikuwa na jina zuri, akabadilishiwa kwa jingine zuri. Naye alitenda maovu, na mji ulipoanguka wanawe waliuawa mbele ya macho yake, kisha akapofushwa na kupelekwa Babeli katika minyororo. Kama kubadilisha jina ni wokovu, Sedekia angaliokoka.

Na wale waliokuwa na majina ya miungu ya uongo? Danieli na wenzake watatu walipewa majina ya Babeli kwa nguvu, na jina la Danieli lilifuata jina la mungu wa mfalme, kama mfalme mwenyewe asemavyo katika Danieli mlango wa 4. Abednego huelezwa kuwa ni mtumwa wa Nebo, sanamu ya Wababeli. Kijana aliyeitwa mtumwa wa sanamu akakataa kuisujudia sanamu, akatupwa katika tanuru, na moto haukumwunguza. Katika Agano Jipya yuko Apolo, mwenye jina la mungu wa Wayunani. Yuko Epafrodito, ambaye jina lake limetokana na mungu wao wa kike. Yuko Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea, mwenye jina la mmoja wa miungu katika hadithi zao. Paulo aliwaita ndugu na dada zake, wala hakumgusa mmoja wao jina. Na jina hilo la Apolo limefika hata kwetu Afrika. Apolo Kivebulaya, Mganda, alilichukua katika ubatizo, akaenda kuhubiri Injili Mboga, nchi ya Kongo, akafa huko mwaka 1933. Nani atasema ya kwamba sanamu ya Wayunani ilimfuata msituni?

Neno zito kuliko yote ni hili. Jina la Yesu lenyewe lilikuwa jina la watu wengi. Katika Wakolosai 4:11 ametajwa Myahudi mmoja, mtenda kazi pamoja na Paulo, aitwaye Yesu Yusto. Na katika kisiwa cha Kipro Paulo alikutana na mchawi, nabii wa uongo, jina lake Bar-Yesu, yaani mwana wa Yesu! Jina lile halikumfanya mchawi kuwa mtakatifu. Tena huko Efeso wana saba wa Skewa walilichukua jina la Bwana wetu, wakalitamka juu ya mwenye pepo kama mganga atamkavyo maneno ya dawa yake. Mnajua yaliyowapata: walitoka nyumba ile mbio, uchi, na majeraha mwilini. Basi, ikiwa hata jina lipitalo majina yote halifanyi kazi kama hirizi kwa mtu asiyemwamini mwenye jina hilo, itakuwaje jina la Tabu liwe na nguvu ya kumfunga mtu aliyebatizwa?

Huenda mtu akasema, haya ni maneno ya walimu tu, yana dhara gani? Nitamjibu. Katika usharika mmoja niujuao yuko mama mjane, na jina lake ni mojawapo ya hayo niliyoyataja, sitalisema. Mhubiri mmoja alimwambia ya kuwa ujane wake umetoka katika jina lake. Aliuza mbuzi wawili, na fedha akaitoa sadaka, akarudi nyumbani na jina jipya. Mwezi uliofuata mtoto wake akashikwa na homa. Akaenda tena, akaambiwa jina la zamani halijatoka lote, alete tena. Alipoteza mbuzi, na mbuzi hununuliwa wengine. Lakini alipoteza kitu kilicho kikubwa zaidi: alianza kumwona mama yake mzazi, aliyekwisha kulala kaburini, kuwa ndiye aliyemroga. Mwanamke aliyemzaa kwa uchungu na kumlea kwa jasho amegeuzwa kuwa mchawi, kwa kuwa alisema kweli juu ya siku aliyomzaa. Tumewaacha waganga wa hirizi, tukawakaribisha waganga wa majina. Wauza hofu, kisha wauza dawa ya hofu waliyoiuza.

Vijana nao hupata hasara yao. Kijana hujibadilisha jina kanisani, na cheti chake cha kuzaliwa kina jina jingine, na cheti cha shule kina lake. Siku ya kuomba kazi huulizwa, wewe ni nani? Huanza kuhangaika na hati za viapo, akizitafutia fedha alizokuwa ameziweka kwa karo.

Msinielewe vibaya. Sisemi ya kwamba jina si kitu. Wazee walisema, jina jema hung'ara gizani. Na ni wajibu wa wazazi kufikiri kabla ya kumpa mtoto jina atakaloitwa maisha yake yote. Ukimwita mwanao Samweli, mweleze habari za Hana. Ukimwita Danieli, mfundishe kuomba. Jina la Biblia bila habari zake ni kama sanduku lililofungwa. Na mtu mzima ambaye jina lake linamhuzunisha, akitaka jingine, hatendi dhambi. Na aende kwa taratibu za serikali. Ila asiambiwe ya kuwa hapo ndipo alipookolewa. Wala sisi tulio wazima tusimcheke mtoto kwa jina lake darasani au kisimani, maana wengi waliokimbilia kwa wahubiri hao walikimbia dhihaka zetu kwanza.

Nanyi walimu na wazee wa kanisa, msinyamaze. Akija mtu kwenu akitetemeka kwa ajili ya jina lake, msimwambie tu kwamba ni upumbavu. Mfungulieni mistari ile miwili ya Yabesi, mmsomee polepole, kisha mmwulize: je, Mungu alilibadilisha jina hili, au alimsikia mwenye jina? Mwacheni ajibu mwenyewe.

Jina jipya lipo. Biblia yasema hivyo. Katika Ufunuo 2:17 yeye ashindaye ameahidiwa jiwe jeupe, na juu yake jina jipya asilolijua mtu ila yule alipokeaye. Angalieni ni nani alitoaye: ni Bwana mwenyewe. Angalieni ni lini: ni mwisho wa vita. Na angalieni ni nani alijuaye: hapana mhubiri alijuaye. Basi mtu akija kijijini kwenu akasema ya kwamba analo jina lako jipya mfukoni mwake, na bei yake ni kadha wa kadha, jueni ya kuwa auza kitu ambacho hajapewa.

Akina Tabu na Masumbuko na Mateso mlio katika sharika zetu, na wewe Yakobo, na wewe Yabesi kama uko: inueni vichwa. Mama zenu waliandika katika majina yenu yale waliyoyapita. Pelekeni majina hayo hayo mbele za Mungu katika sala. Naye atawasikia, kwa maana aliwajua kabla mama zenu hawajawaita.